KUPIGA PICHA NZURI ZA WATOTO

Watu wengi hudhani kuwa kupiga picha ya mtoto ni kazi rahisi. Huchukua simu, humwelekezea mtoto, hubonyeza, basi, kazi imekwisha. Lakini picha hizo zikitazamwa baadaye, nyingi hazifai. Huyu amefumba macho, yule uso wake mweusi kama masizi ya chungu, wa tatu amekatwa kichwa, na wa nne amesimama kama askari anayekaguliwa, ingawa nyumbani ndiye mcheshi kuwashinda wenzake wote. Kwa hiyo nimeona vyema niwaandikie wenzangu, pamoja na walimu na wazazi wasomao gazeti letu, machache niliyojifunza juu ya kazi hii, na sababu inayonifanya niamini kuwa si kazi ya mchezo.

Mjomba wangu ana stuliyo ndogo mjini Urambo. Hapa shuleni haturuhusiwi kuwa na simu, na sheria hiyo ina faida zake. Lakini likizo zifikapo, tangu nilipokuwa Kidato cha Pili, humsaidia mjomba kazi. Mkate wake wa kila siku ni picha ndogo za pasipoti. Wanafunzi wanaokwenda kuanza shule huzihitaji, na watu wazima huzihitaji kwa vitambulisho na fomu za kila namna. Zaidi ya hizo hualikwa kwenye harusi, ubatizo na maulidi. Zikifika Idi na Krismasi, watoto huletwa wamevikwa nguo mpya na viatu vinavyowabana, na hapo ndipo kazi ngumu huanza. Kwa maana mtu mzima ukimwambia akae atakaa, bali mtoto ana mambo yake.

Picha zenyewe si jambo la zamani sana. Habari za ugunduzi huo zilitangazwa Ufaransa mwaka 1839, na kwa miaka mingi kamera zilikuwa mashine kubwa za matajiri na wasafiri. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera ya kisanduku iliyoitwa Brownie, bei yake dola moja tu, ikakusudiwa hata watoto waweze kuitumia. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, stuliyo za mijini zilipata sifa kubwa. Huko Unguja, Bwana Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mtoto wake akairithi kazi hiyo. Katika miaka ile kwenda kupiga picha kulikuwa safari: watu walioga, wakavaa nguo za sikukuu, wakasimama mbele ya pazia bila kutikisika.

Tena yuko mtu mmoja ambaye kila kijana mwenye kupenda kamera yafaa amjue, naye ni Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko akiwa bado mwanafunzi alipata kamera yake ya kwanza, Brownie kuukuu. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix, huko huko Dar es Salaam. Nitamtaja tena mbele.

Sasa nieleze sababu niliyoisema. Likizo ya Juni mwaka jana alikuja stuliyo mama mmoja kutoka vijiji vya tumbaku. Alikuwa na simu ambayo kioo chake kimepasuka, akaifungua polepole kutoka katika pindo la kanga. Alisema, "Fundi, nina picha humu. Nataka uso wa mtoto mmoja tu, wa mwisho huku kushoto. Hao wengine uwaondoe." Mjomba aliitazama. Ilikuwa picha ya siku ya ubatizo, watoto saba au wanane wamesimama mstari mmoja mbele ya kanisa, saa za mchana, jua limesimama utosini, na nyuma yao ukuta mweupe unang'aa. Mjomba akamwuliza, "Dada, huna nyingine?" Akajibu kuwa hana. Mtoto alikuwa kitinda mimba wake, homa ilimchukua wakati wa masika, na picha ile ndiyo pekee.

Mjomba aliihamishia kwenye kompyuta akafanya kazi karibu saa nzima. Akaukuza uso, akaongeza nuru, akapunguza weupe wa ukuta. Kila alipoongeza nuru, uso ulizidi kuwa kama majivu yenye chembechembe, wala macho hayakutokea. Mwishowe alisema kwa upole, "Dada, nuru haikuwapo siku ile. Siwezi kutoa kitu ambacho hakikuingia." Yule mama akaisogelea kompyuta, akatazama kwa muda, kisha akasema, "Hili sikio ni lake. Alikuwa akilishika hivi akiona usingizi." Akaomba achapiwe hivyo hivyo. Mjomba alikataa kupokea fedha.

Simlaumu aliyepiga picha ile, kwani alipiga kama wengi wetu tupigavyo. Lakini niliwaza kuwa hatua kumi tu kutoka ukuta ule hapana shaka palikuwa na mti wenye kivuli. Hatua kumi zingemwachia mama yule macho ya mwanawe. Tangu siku hiyo nilianza kumwuliza mjomba maswali kwa bidii, na haya yafuatayo ndiyo majibu yake pamoja na yale niliyoyajaribu mwenyewe.

Jambo la kwanza ni nuru. Kwetu Urambo tupo karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa, na miezi mingine haliko mbali na hapo. Jua la namna hiyo huangukia paji la uso na pua, likaacha macho ndani ya mashimo ya giza. Wakati mzuri ni asubuhi, tangu saa moja na nusu hadi saa tatu hivi, na jioni tangu saa kumi na moja. Tena sisi wa magharibi tuna bahati: jua letu huchwa karibu nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, kwa hiyo hata saa kumi na mbili jioni nuru ingalipo, nayo ni laini yenye rangi ya asali.

Ikiwa ni lazima kupiga picha mchana, msogeze mtoto kivulini. Mwembe ni stuliyo isiyolipiwa kodi. Lakini usimweke katikati ya kivuli ambapo jua hupenya majani na kumtia madoadoa kama chui. Mweke ukingoni, uso wake ukielekea kule kwenye mwangaza. Mlango wa nyumba ni mzuri vile vile: mtoto akae ndani hatua moja kutoka kizingitini, atazame nje. Na kama upande mmoja wa uso umebaki na giza, mwombe mtu ashike shuka jeupe upande huo, nalo litarudisha nuru usoni. Mjomba hutumia mfuko wa sandarusi mweupe alioupasua na kuutandaza juu ya ubao.

Jambo la pili lahusu rangi yetu. Kamera haina akili ya kujua ipi ni sura ya mtu na upi ni ukuta. Hupima mwangaza wote kwa jumla, kisha hutafuta wastani. Ukimsimamisha mtoto mweusi mwenye shati jeupe la shule mbele ya ukuta mweupe au mbingu yenye kung'aa, kamera hudhani nuru imezidi, ikaipunguza, na uso wa mtoto ndio unaolipa deni hilo. Dawa yake ni nyepesi. Chagua nyuma pasiwe peupe kuliko uso: ukuta wa udongo, majani, mlango wa mbao. Katika simu, gusa kwa kidole pale uso ulipo kwenye kioo, nayo itapima hapo. Kisha uongeze nuru kidogo kama uso ungali na giza.

Nilipouliza kwa nini kamera zisitengenezwe kwa ajili yetu tangu mwanzo, mjomba alinieleza habari inayochekesha na kuhuzunisha pamoja. Zamani za filamu, maabara za kusafisha picha za rangi zilikuwa na kadi ya kulinganishia, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley. Rangi ya mwanamke huyo ikitoka vizuri, ilihesabiwa kuwa rangi zote zimetoka vizuri. Watu weusi walipopigwa picha pamoja na weupe, hawa walionekana na wale wakabaki meno na macho. Kodak walipokuja kuzitengeneza vizuri zaidi filamu zao kwa rangi za kahawia, miongoni mwa malalamiko yaliyowasukuma ni ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikutoka vyema katika picha za matangazo! Siku hizi mambo yamebadilika; mwaka 2021, mathalan, Google walitoa simu iliyotengenezwa makusudi ili rangi za ngozi za watu wa kila namna zionekane kama zilivyo. Hata hivyo simu nyingi tulizo nazo ni za bei nafuu, na hapana budi mpigaji aisaidie.

Jambo la tatu ni kushuka. Mtu mzima akisimama na kupiga picha, humpata mtoto kutoka juu: kichwa kikubwa, miguu midogo, macho yameinuliwa kama ya mwenye kuomba. Piga goti, au kaa chini kabisa mchangani, hata macho yako na yake yawe sawasawa. Suruali itachafuka, lakini suruali hufuliwa. Wala usimsogezee simu karibu mno, kwani pua hukua na masikio hupotea. Kaa mbali kiasi cha hatua mbili, na umpige hapo.

Jambo la nne ni subira. Watoto wa kwetu waonapo kamera husimama wima, mikono ubavuni, na midomo hufungwa. Ukimwambia mtoto "Cheka!" atakuonyesha meno, lakini kuonyesha meno si kucheka. Mjomba ana desturi ya kukaa kwanza na kuongea nao. Watoto wakimwamkia "Shikamoo" huitika, kisha huwauliza habari za mbuzi, za mpira, za nani aliyeanguka kutoka mti wa mpera. Hupiga picha ya kwanza ya kusimama wima, kwa kuwa ndiyo wanayoitaka, akawaonyesha. Wakishajiona hucheka wenyewe, hapo ndipo hupiga ya pili na ya tatu. Mtoto aliyeshughulika ni bora kuliko aliyepangwa. Mpige akisuka ukindu, akiendesha gurudumu, akimbeba mdogo wake mgongoni. Kama anakimbia na kamera yako yaruhusu kuchagua kasi, usishuke chini ya 1/500 ya sekunde, la sivyo utapata ukungu wenye miguu.

Jambo la tano, tazama nyuma yake kabla ya kubonyeza. Nguzo ya umeme isimwote kichwani, na kamba ya kuanikia nguo isimkate shingo. Hatua moja kushoto au kulia hutosha.

Mtu aweza kufuata hayo yote na bado asipige picha nzuri. Nasema hivi kwa sababu wema wa picha ya mtoto hauko machoni mwa mpigaji peke yake. Urambo yetu iko juu ya reli iendayo Kigoma. Treni likisimama stesheni, watoto hukimbilia madirishani na sahani za maembe na karanga, na abiria wengine hutoa simu na kuwapiga picha. Hawawaulizi majina, hawaombi, wala hawawaonyeshi. Treni likiondoka, nyuso za watoto wale huondoka nalo, na hakuna ajuaye zinakwenda kuandikiwa maneno gani. Zamani misafara ilipita nchi hii ya Unyamwezi ikachukua pembe za ndovu. Sasa wapitao huchukua sura za watoto kwa bei ya bure.

Najua kuna ubishi hapa. Huenda mtu akauliza: je, picha ya mtoto mwenye shida isipigwe kabisa? Hapo ndipo ninapomrudia Mohamed Amin. Mnamo Oktoba 1984 alikwenda Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, akapiga filamu za watu na watoto waliokuwa wakifa kwa njaa. Zilipoonyeshwa tarehe 23 Oktoba dunia ilishtuka, misaada ikamiminika, na mwaka uliofuata zikafanywa tamasha kubwa za Live Aid. Hapana shaka kamera yake iliokoa watu wengi. Kwa upande mwingine, Machi 1993 mpiga picha wa Afrika Kusini, Kevin Carter, alipiga picha huko Ayod, sehemu ambayo sasa ni Sudan Kusini, ya mtoto aliyeinama chini kwa njaa na tai mla mizoga nyuma yake. Picha ile nayo iliamsha watu, na mwaka 1994 ikapewa tuzo ya Pulitzer. Lakini wasomaji wengi waliandika kuuliza: mtoto yule alipatwa na nini? Gazeti lenyewe halikuweza kuwajibu sawasawa, wala jina la mtoto halikuandikwa.

Mimi nimefikiri sana juu ya picha hizi mbili. Naona kwamba shida ya mtoto yaweza kuonyeshwa ikiwa kuonyesha huko kutamletea msaada yeye au wenzake, na ikiwa yupo mtu anayejua habari zake. Lakini kumtafuta mtoto mwenye kamasi na nguo iliyopasuka, na kumwacha dada yake aliyevaa vizuri, ili watu wa mbali wasikitike, huo si ukweli wa kijiji wala si huruma. Kuna siku mgeni mmoja alifika kwenye mabani ya tumbaku ya jirani zetu, akamwambia mtoto avue viatu kabla ya kumpiga picha. Bibi wa mtoto alikuwa ameketi barazani. Alisema tu, "Mvalishe mjukuu wangu viatu, ndipo upige." Nadhani bibi yule, ambaye hakupata kushika kamera maishani mwake, alifundisha somo kubwa kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Yatupasa tuwe waangalifu zaidi kwa watoto wenye ualbino. Kwanza jua kali huwaumiza macho na ngozi, kwa hiyo wapigwe kivulini na kofia zao wabaki nazo. Tena kwao uso ndio wenye kung'aa, basi nuru ipunguzwe badala ya kuongezwa. Lakini jambo kubwa ni usalama. Katika miaka ya 2000 na 2010 watu wenye ualbino walishambuliwa kikatili katika sehemu mbalimbali za nchi yetu, na mkoa wetu wa Tabora haukusalimika. Picha ya mtoto kama huyo ikiwekwa mtandaoni pamoja na jina la kijiji au la shule, yaweza kuwa ramani mikononi mwa mwovu. Mpigie picha, umpe mama yake, iishie hapo.

Hata kwa watoto wengine sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na kwamba katika mambo yote yanayomhusu, maslahi yake yatangulizwe. Tena tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mimi nina miaka 17, kwa hiyo mbele ya sheria ni mtoto bado, na labda ndiyo sababu nasema haya kwa uchungu. Sipendi kuamka nikiwa na miaka 30, nimekuwa mwalimu au daktari, nikakuta picha yangu ya utotoni nikiwa uchi kwenye beseni inazunguka katika simu za watu nisiowajua. Basi kabla ya kupiga, mwombe mzazi. Na mtoto mwenyewe, hata akiwa na miaka minne, mwulize. Akikataa, mwache. Kesho huenda akakubali.

Neno langu la mwisho ni kwa wazazi. Picha zilizo ndani ya simu ni kama nafaka iliyomwagwa njiani. Simu huibwa, hutumbukia majini, huharibika, na picha huenda nayo. Kila mwaka, japo mara moja, chagua picha moja ya kila mtoto ambayo macho yake yaonekana vizuri, ukaichape kwenye karatasi. Nyuma yake andika kwa penseli, kwa sababu wino huweza kupenya: jina la mtoto, tarehe, mahali, na jina la aliyepiga. Majina tusiyoyatangaza kwa wageni, hapo nyuma ndipo mahali pake. Kisha uitie ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya bati lenye kifuniko, mbali na moshi na mchwa.

Na wenzangu tunaokwenda likizo mwezi huu, wadogo zetu wanatungoja nyumbani, nao wamekua tangu tulipoondoka. Azimeni simu ya baba au ya mama jioni moja, saa kumi na moja na nusu, mpige goti penye ukingo wa kivuli, na mwanze kwa kuwauliza habari za mbuzi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne